Mwaka Nilioishi Bila Sauti

Kabla sauti yangu haijapotea, niliamini kwa dhati kwamba mimi ni mtu wa kuridhika. Sikuwa na tamaa ya mali, sikumwonea mtu wivu kwa nyumba yake wala mavazi yake, na katika vikundi vya maombi nilikuwa mwepesi wa kuwatia moyo wenzangu kwa maneno ya Mtume Paulo, kwamba tuwe radhi na hali yoyote tuliyo nayo. Niliyasema hayo kwa moyo safi. Lakini nilikuwa ninafundisha somo ambalo sikuwahi kulifanyia mtihani hata mmoja, kwa sababu nilikuwa na afya, nilikuwa na kazi ya ualimu niliyoipenda, na zaidi ya hayo nilikuwa na sauti. Kwa miaka 16 niliitumia darasani siku za kazi, na jioni niliitumia kuongoza kwaya ya kanisa letu. Sikuihesabu kuwa mali, kwa maana mtu hahesabu kile ambacho hajawahi kuamka akakikosa.

Uvimbe ulianza shingoni polepole, kwenye tezi, na ulipofika mahali pa kunisumbua nilipomeza, ikaamuliwa nifanyiwe upasuaji. Daktari alinieleza kila kitu kabla. Mishipa ya fahamu inayoendesha nyuzi za sauti hupita nyuma kabisa ya tezi hiyo, mmoja kila upande, na ule wa kushoto una safari ya ajabu: hushuka kwanza hadi kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha hupanda tena mpaka kooni. Alinichorea njia hiyo kwenye karatasi. Akaniambia kwamba mshipa huo ni mwembamba, kwamba mara chache huumia hata pale mpasuaji anapokuwa makini sana, na kwamba ukiumia, sauti hubadilika, pengine kwa muda, pengine moja kwa moja. Nikaweka sahihi. Nilikuwa nimeelezwa, na kwa sababu hiyo sikuwa na mtu wa kumlaumu. Nakiri kwamba kukosa wa kumlaumu ndiko kulikonifanya nimpelekee Mungu lawama zote.

Nilipozinduka nilijaribu kumwita mume wangu, ikatoka pumzi yenye mikwaruzo, kama karatasi kavu inayoburutwa juu ya meza. Uzi mmoja wa sauti ulikuwa umelala. Kwa mtu ambaye hajapitia hali hiyo, ni vigumu kueleza jinsi inavyochosha: nyuzi mbili zisipokutana, hewa yote huvujia katikati, hivyo maneno matano yalinimaliza pumzi na ilinibidi nipumzike katikati ya sentensi kama mtu apandaye ngazi. Maji nayo yalinipalia. Nilifundishwa kuinamisha kidevu hadi karibu na kifua kila nilipomeza, na mpaka leo mkono wangu ukishika glasi, shingo huinama yenyewe.

Darasani sikurudi. Wanafunzi walioketi nyuma hawakunisikia, na hata wa mbele walilazimika kunyamaza kimya kabisa ili wanipate, jambo ambalo huwezi kuwadai watoto 40 kwa saa nzima. Nikahamishiwa chumba cha vitabu, kazi ya kuorodhesha, kugonga mihuri na kupanga rafu. Kwaya ikapata mwalimu mwingine. Haya mawili yalitokea ndani ya mwezi mmoja, na yote mawili yalifanywa kwa upole. Sina malalamiko juu ya mtu yeyote. Lakini niliporudi nyumbani siku ile niliyokabidhi daftari la kwaya, nilikaa kitandani na viatu vyangu miguuni mpaka giza likaingia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Katika miezi ile ya kwanza nilifanya kile ambacho Wakristo wengi hukifanya wanapopatwa: niliigiza kuridhika. Watu walipokuja kunitazama, niliandika kwenye kijitabu changu, "Namshukuru Mungu, ni mzima," nikatabasamu, nao wakaondoka wakisema kwamba imani yangu imewajenga. Wengine waliniambia kwamba Mungu ana makusudi yake, wengine kwamba nishukuru kwa kuwa niko hai, na maneno hayo yote mawili ni ya kweli, lakini yalikuwa yakinifikia kama dawa sahihi iliyoletwa kwa mgonjwa asiyeweza bado kumeza. Nikiwa peke yangu sikuomba. Nilifungua Biblia nikaifunga. Nilidhani kwamba kwa kuwa sinung'uniki mbele za watu, basi nimeridhika. Kumbe nilikuwa nimekufa ganzi tu. Mtu aliyekufa ganzi halalamiki, lakini hafurahi pia, hapendi, wala haimbi moyoni.

Aliyenigundua ni mama mmoja mzee wa kanisani kwetu, mjane, ambaye magoti yake yalikuwa yamemtesa kwa miaka mingi. Alikuja, akaketi karibu nami, na nilipoandika sentensi yangu ile ya kila siku, aliisoma, akachukua kalamu mkononi mwangu na kuandika chini yake: "Mwanangu, hiyo ni ya wageni. Mimi niandikie nyingine." Nilicheka kwanza, kwa sababu yeye masikio na mdomo wake vilikuwa vizima na hakuwa na haja ya kuandika, lakini hivyo ndivyo watu wanavyofanya mbele ya mtu asiye na sauti, hunong'ona naye au huandika naye, bila kujitambua. Kisha nikalia. Nikamwandikia kurasa mbili, mwandiko mbaya, maneno ambayo mwalimu wa kwaya hatarajiwi kumwambia Mungu. Alizisoma zote taratibu, akazikunja, akanirudishia, akasema, "Sasa msomee Yeye." Hakuniletea mstari wowote wa kunifariji siku ile. Tangu hapo nimekuwa na mashaka na kuridhika kusikopitia mahali pa maombolezo. Zaburi zimejaa vilio, na waliozikusanya hawakuona haya kuziimbisha ibadani.

Baada ya hapo nilianza kusoma waraka kwa Wafilipi, kifungu kidogo kila asubuhi, nikiusoma kwa midomo bila sauti. Nilikuwa ninaujua mstari wa 11 wa sura ya nne tangu utotoni: "Si kwamba nasema haya kwa kuwa nina mahitaji, maana nimejifunza kuwa radhi na hali yoyote niliyo nayo." Lakini siku zote nilikuwa nimekimbilia neno "radhi" na kuliruka neno lililolitangulia. Nimejifunza. Paulo hakuzaliwa hivyo. Hakusema kwamba kuridhika ni tabia yake ya asili, wala kwamba siku ile alipokutana na Bwana katika njia ya Dameski alipewa moyo mtulivu kama mtu apewavyo kanzu. Alijifunza, na kilichomfundisha anakitaja kwingine: mapigo 40 kasoro moja mara tano, kuvunjikiwa na jahazi mara tatu, njaa, baridi, kukesha, na kila siku wasiwasi juu ya makanisa yote. Anapoandika waraka huu yuko kifungoni, na wengi huamini kwamba ni kile kifungo cha Rumi cha kama mwaka 60 hadi 62, pale ambapo Matendo ya Mitume inasema alikaa miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga mwenyewe, akilindwa na askari. Mwanafunzi huyu alikuwa mtu mzima na somo lilikuwa limemchukua miaka mingi. Mimi nilikuwa na miezi mitatu tu, na tayari nilikuwa najihukumu kwa kutofaulu.

Neno la Kigiriki alilolitumia kwa kuwa radhi, autarkes, lilikuwa neno la heshima kwa wanafalsafa wa Kistoa wa zama zake. Kwao lilimaanisha mtu anayejitosheleza, ambaye amejifunza kutomhitaji mtu wala kitu, kiasi kwamba shida ikimpata haimgusi. Niliposoma maelezo hayo niliona picha yangu mwenyewe ya miezi ile ya ganzi. Nilikuwa ninajaribu kuwa Mstoa kwa jina la Yesu. Paulo alilichukua neno lao akaligeuza, kwa maana mistari miwili mbele anasema siri iko wapi: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Hajitoshelezi. Anatoshelezwa. Na mstari unaofuata, ambao watu hawaupambi ukutani, unasema, "Lakini mlifanya vema, mliposhiriki nami katika dhiki yangu." Mtu aliyejifunza kuridhika anaita dhiki yake dhiki, na anawashukuru waliomsaidia kwa mkono wa Epafrodito, mjumbe wao. Huyo Epafrodito naye, sura ya pili inaeleza, aliugua akawa karibu kufa, na Paulo anasema Mungu alimhurumia "nisije nikawa na huzuni juu ya huzuni." Nilikaa na maneno hayo kwa siku kadhaa. Kumbe mtu anaweza kuwa radhi na hali yoyote, na katika waraka uleule akakiri kwamba kifo cha rafiki kingemrundikia huzuni juu ya huzuni. Vitu viwili nilivyodhani vinafukuzana vilikuwa vimekaa pamoja katika kifua kimoja.

Kulikuwa na sehemu moja iliyoniumiza. Filipi ndio mji ambao Paulo na Sila walipigwa kwa bakora, wakafungwa miguu katika mkatale, na usiku wa manane wakawa wanamwomba Mungu na kumwimbia, "na wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza." Kwa hiyo Wakristo wa Filipi waliposomewa waraka ule, pengine kulikuwa na watu pale waliokumbuka nyimbo zile, na hata mlinzi wa gereza na nyumba yake walikuwa wamebatizwa usiku uleule. Nilimwambia Mungu kwa uchungu kwamba wao waliimba. Migongo yao ilikuwa imechanika, lakini makoo yao yalikuwa mazima. Hata gerezani, nilisema, uliwaachia wimbo. Sikupata jibu, na sitaki kubuni jibu hapa ili simulizi ipendeze. Niliendelea tu kuja kila asubuhi, na kuja huko, ninavyoona sasa, kulikuwa tayari ni sehemu ya somo.

Mwanga mwingine ulinijia mahali ambapo sikuutazamia. Mdogo wangu alikuwa anamwachisha mtoto wake kunyonya, na kwa kuwa nilikuwa na nafasi, alikuja kukaa kwetu majuma kadhaa. Siku za mwanzo nyumba haikulala. Mtoto alipopakatwa na mama yake alivuta kola ya gauni, akakwaruza vifungo kwa kucha, akapiga kifua cha mama yake kwa kiganja, akalia kama aliyesalitiwa. Mama hakuwa amekwenda popote. Alikuwa palepale, akimbembeleza, tena na yeye akitokwa na machozi. Lakini mtoto hakumwona mama, aliona tu kile alichonyimwa. Ilichukua muda. Kisha jioni moja niliwakuta kwenye kiti, mtoto ameegemeza shavu kifuani, macho yako wazi, mkono mmoja umeshika kidole cha mama yake, na hatafuti kitu. Nilisimama mlangoni na rundo la nguo mkononi nikaikumbuka Zaburi ya 131: "Hakika nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha, kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake."

Nilikuwa nimeisoma zaburi hiyo mara nyingi nikidhani inazungumzia mtoto anayenyonya, aliyeshiba akasinzia. Lakini ni mtoto aliyeachishwa. Amepitia vita. Amelia usiku mwingi, kisha akagundua kwamba kile alichokipoteza si mama. Nilijiuliza, nikiwa pale mlangoni, ni mara ngapi nilikuwa nimekaa mapajani mwa Mungu nikikwaruza vifungo.

Tangu jioni ile maombi yangu yalibadilika, ingawa sikuacha kuomba nipone. Hili nalisisitiza, kwa sababu nimesikia watu wakifundisha kwamba mwenye kuridhika haombi tena kuondolewa shida yake. Paulo alimsihi Bwana mara tatu mwiba ule umtoke, na hata alipoambiwa, "Neema yangu yakutosha," hatusomi kwamba alikemewa kwa kuomba. Aliwaandikia watumwa wa Korintho wasihangaike, lakini akaongeza kwamba wakiweza kuwa huru, wautumie uhuru huo. Nilifanya mazoezi ya sauti niliyopewa asubuhi na jioni, nikisukuma viganja pamoja huku nikijaribu kutoa mlio, na niliyafanya kama ibada. Na kuna jambo jingine ambalo dhamiri yangu hainiruhusu kulipita: neno hili la kuridhika lina makali mabaya likiwa mkononi mwa aliyeshiba. Anayemnyima mfanyakazi ujira wake hana haki ya kumhubiria ridhaa, maana Yakobo anasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kuridhika ni somo la mtu kujifunza yeye na Mungu wake; si kitambaa cha kumziba mwingine mdomo.

Chumba cha vitabu nacho kilianza kuwa mahali. Nilijua ni mtoto gani anasoma kuliko umri wake na ni yupi anaazima vitabu vya picha kwa siri kwa sababu bado herufi zinamshinda. Kwa kuwa sikuweza kuita, walinijia wenyewe, na kwa kuwa sikuweza kuzungumza sana, walizungumza wao. Sisemi kwamba kazi hii ilikuwa bora kuliko ile ya darasani. Niliipenda ile zaidi, na bado naipenda zaidi. Nasema tu kwamba asubuhi fulani niligundua kuwa nimefungua mlango bila ule uzito wa kifuani, na sikuweza kukumbuka ni lini uliondoka.

Mwezi wa 11 baada ya upasuaji sauti ilianza kurudi. Kwanza ilikuja kama mlio uliovunjika, kisha maneno, kisha sentensi nzima kwa pumzi moja. Daktari alitazama akasema uzi uliolala umeanza kusogea. Tulishukuru sana nyumbani, na mimi nilidhani sasa mtihani umekwisha. Lakini Paulo anasema, "Najua kudhiliwa, tena najua kufanikiwa," na anasema amefundishwa kushiba kama alivyofundishwa kuona njaa. Sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini mtu ahitaji kufundishwa kushiba. Nilijua jibu ndani ya majuma machache. Sauti iliporudi haikurudi yote. Noti za juu hazikuwepo, na mimi, ambaye miezi michache nyuma ningetoa kila kitu ili niweze kusema jina la mume wangu, nikaanza kuumia kwa ajili ya noti nne. Zile asubuhi za Biblia zikaanza kuruka, mara moja kwa juma, kisha mara mbili, kwa sababu sasa nilikuwa na simu za kupiga na watu wa kuongea nao. Musa aliwaonya Israeli juu ya hilo hasa katika Kumbukumbu la Torati sura ya nane, kwamba watakapokula na kushiba, mioyo isije ikainuka wakamsahau Bwana. Katika ukimya nilimtafuta kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumsemesha. Katika kupata, ilibidi nimchague, na kuchagua kuligeuka kuwa kugumu kuliko nilivyofikiri. Nikarudi kwa Aguri wa Mithali 30, aliyeomba asipewe umaskini wala utajiri, asije akashiba na kumkana Mungu, au akawa maskini na kuiba. Ndilo ombi ninaloliomba mpaka sasa, nikilisema kwa sauti, taratibu.

Kwenye kwaya sikurudi kuwa mwalimu. Nilipewa nafasi safu ya nyuma, sauti ya pili, pamoja na wale wanaoshika chini. Juma moja binti mmoja mdogo, ambaye nilimfundisha mimi kusoma noti alipokuwa mtoto, alisimama kuimba peke yake ubeti ambao kwa miaka mingi ulikuwa wangu. Alikuwa na hofu. Karatasi ilitetemeka mkononi mwake kiasi kwamba hakuweza kuusoma mstari wa pili, nikasogea nikamshikia upande mmoja. Alifika kwenye noti ile ya juu, akaigusa, akakaa juu yake, na mimi nikiwa karibu naye nilisikia hata pumzi aliyoivuta kabla yake. Maneno ya ubeti ule yalihusu Bwana kuwa karibu, na nilikuwa nimeyaimba mara zisizo na hesabu nikiwaza noti. Jioni, nilipokuwa navua viatu kitandani, mume wangu aliniuliza kama iliniuma kumsikia mtu mwingine akiuimba. Nilikaa nikafikiri, kiatu kimoja kikiwa mkononi, kisha nikamwambia kweli: nilikuwa nasikiliza wimbo.